Jina mu Simenti ya Mulango

Mwamini, uko? Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Ile kipindi ya télé yenye kuonyesha nyumba za kuuzisha hapa Kolwezi, leo asubui ilifika kwetu. Live, mpaka ku Facebook. Mi najua tu kwamba tunaomba dola elfu makumi nane.

Mutangazaji ananiuliza: "Mama, nani alijenga?"

Nikajibu: "Tata yangu."

Tata yangu!! Na unajua vile baba aliipata hii nyumba. Mwaka 93, wakati ba-Kasai, batu ya kutoka Kasai, balifukuzwa hapa Katanga, aliwapa benye nyumba gunia mbili za bunga ya mahindi, bakaenda kungojea treni na batoto.

Na bado hiyo haikutosha. Mwenye kamera akasukuma tapi ya kupangusia miguu ku mulango. Chini, mu simenti: NGALULA 1991. Mutoto ya bale benye nyumba. Alichezaka na mi kila siku. Aliandika na musumari simenti ikingali mubichi, na mi njo nilimupatia ule musumari.

"Ngalula ni nani?"

"Dada yetu mukubwa. Alikufa."

ALIKUFA, Mwamini. Mutangazaji akaniambia pole. Nikapokea pole!

Namba yangu ya simu ilikuwa inaonekana ku télé. Dakika kumi hazikuisha, simu ikalia. Sauti ya mama moja, polepole, kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai:

"Mi njo Ngalula. Niko muzima. Sipigi juu ya nyumba. Nataka tu kujua kama ni wewe mwenye ulinipatiaka musumari."

Nikamuambia: "Mama, umekosea namba."