Maboksi ya Dirishani

Dada yangu kipenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanao, hasa yule mdogo aliyekuwa anakohoa. Niambie kama kifua kimefunguka. Mimi sasa natembea hadi bombani bila kushika ukuta. Mtoto ananyonya kama katumwa. Baba yake anasema pua kachukua yako, nami namwambia asimtakie mabaya mtoto wa watu.

Nimesikia barua yako ya malalamiko imefika kwa daktari mkuu wa kituo, na kwamba Ijumaa mkunga anaitwa kikaoni, huenda akafukuzwa kazi. Ndiyo maana nakuandikia. Kwa simu ungenikatiza, nakujua.

Nianze na siku yenyewe, kwa sababu wewe ulisimuliwa na baba mtoto, naye alikuwa nje. Mtoto alipotoka, kabla hata sijamwona uso, mkunga alinichoma sindano pajani. Ni ile ya kuzuia damu. Kila anayejifungua pale anachomwa, awe anavuja au havuji. Nimefagia chumba kile miaka miwili, najua. Kondo likatoka zima, lakini damu haikukata. Ilinitoka ya moto, ikajaa chini ya mgongo, nikaisikia inadondoka kwenye sakafu ninayoipiga deki mwenyewe. Mabonge yake kama maini. Na harufu, dada! Mpaka leo nikishika chuma chenye kutu kichefuchefu kinanipanda. Mkunga alinikanda tumbo kwa ngumi, nikamtukana matusi ambayo mama angeyasikia angenikana. Akasema nitukane tu, mwenye pumzi ya kutukana bado yupo. Akanichoma ya pili, haikusaidia kitu. Ndipo akanitundikia dripu, akaniwekea vidonge chini ya ulimi, vina ladha ya chaki, na damu ikapungua kidogo kidogo.

Wakaguzi walipokuja kuchunguza kwa nini sindano hazikunifaa walipima friji la dawa, wakakuta baridi iko sawa na karatasi ya vipimo imejazwa kila asubuhi. Wakasema basi dawa ni nzima, ila mkunga hakunichoma, pengine kaiuza. Wewe ukaamini. Mlinzi wa getini akaanza kumwita mnyonya damu, na watu wakacheka.

Sasa meza mate, dada.

Mimba ilipofika miezi saba nilishikwa na hamu ya samaki. Nilikuwa nanunua asubuhi nikienda kazini, na nyumbani hatuna friji. Friji la dawa limebandikwa karatasi kubwa kwamba ni la dawa tu. Mkunga hulifungua asubuhi, anapima baridi, anachukua vichupa vya kutwa na kuvitia kwenye kikasha chake cha barafu, basi, mpaka kesho. Akishaondoka, mimi natoa maboksi ya ile sindano, nayapanga dirishani nyuma ya pazia, naweka samaki wangu. Jua linayapiga kutwa nzima. Jioni nachukua samaki, narudisha maboksi, nafuta rafu. Hivyo hivyo miezi miwili. Kuna siku mkunga alisikia shombo, akauliza nani anaingiza uchafu kwenye dawa za wazazi. Nilikunja pua, nikasema labda wale wa maabara, maana ni wachafu sana.

Sikujua, naapa. Nilidhani ikirudi kwenye baridi inakuwa kama mwanzo, kama maji ya kunywa. Mkunga ndiye aliyewaeleza wakaguzi, mimi niko kitandani nanyonyesha, kwamba dawa ile ikipigwa na joto nguvu zake zinakwisha, na hata ukiirudisha hazirudi. Nikanyamaza. Siku tisa nimenyamaza. Uliponiuliza kwenye simu kama kweli nilichomwa, nikakujibu sikumbuki. Nilikumbuka, dada. Nilikumbuka hata ubaridi wa ile pamba.

Na kabla yangu kuna wanawake wawili walivuja sana kwenye kitanda kile kile. Niliipiga deki damu yao nimeziba pua, huku namlaumu mkunga kwa uzembe. Mungu mkubwa, walipona. Najichukia. Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa majivu, shombo bado naisikia viganjani, na mikono hii ndiyo namshikia mtoto.

Leo asubuhi nilimbeba mtoto, nikaenda nikamwambia daktari mkuu yote. Maboksi yote yameondolewa, na wazazi watapewa vidonge mpaka dawa mpya ije. Kazi yangu imeisha pale pale. Mkunga hakunikumbatia wala hakunitukana. Aliuliza tu ni dirisha la upande gani, kisha akafungua daftari la wazazi na kuanza kuhesabu kurudi nyuma, mama mmoja mmoja. Aliponiona bado nimesimama akaniambia nikae, nisije nikamwangusha mtoto.

Lakini daktari anasema madamu barua yako ipo, kikao kiko palepale. Aliyeiandika ndiye wa kuiondoa. Kwa hiyo nimemtuma baba mtoto akuletee hii. Ameshajua yote. Mpe kiti akae, kwa sababu nimemwambia asirudi bila jibu lako. Usinionee huruma kwa kuwa mimi ndiye uliyenibeba mgongoni. Andika upya, kila ulipoandika mkunga, andika mdogo wangu.

Nikipata nguvu nitatafuta kufagia kwingine, pasipo na friji. Mkumbatie shemeji kwa niaba yangu, na watoto wote. Ukitaka kunigombeza njoo ana kwa ana, utanisaidia na nepi.

Wako, uliyemzoea akiwa mtoto mzuri,
Kitindamimba