Nakala ya Jumamosi

Alhamisi, 11 Mei 2023

Presha 148 kwa 92. Daktari kasema niipime kila siku niandike kwenye daftari hili. Haya, naandika. Na kwa kuwa daftari lina kurasa mia na presha ni mstari mmoja, nitaandika na mengine.

Munir kaja tena dukani kwangu, hapa ninapotengeneza simu. Mara ya nne wiki hii! Mtu ana nyumba yake kule Mina, mtaa wa bandarini, ana mama yake, ana sola juu ya paa — kahawa yangu ana haja nayo gani? Kaingia na sahani ya halawa ya jibini. Lamis akainuka akampisha kwenye kiti. Kiti changu! Mimi ami yake, niliyemlea tangu kaka yangu alipotutoka, sijawahi kupishwa na mtu kiti changu mwenyewe.

Sina wivu. Naandika tu.

Mashine ya bitikoini iko chumba cha nyuma, juu ya rafu ya chaja. Kiboksi tu, kama miche miwili ya sabuni. Lamis aliiunda mwenyewe. Vijana wa mtaa walioko Abidjan na Hamburg wanatuma bitikoini, mama zao wanapokea hapa hapa kufumba na kufumbua, bila kubembeleza benki iliyojifungia milango ya chuma. Nyumba tisa zinaweka akiba humo. Na Lamis yake yote, miaka mitatu ya kufundisha hesabu. Kahawani nasema mashine ni yangu. Si uongo. Rafu ni yangu. Umeme wa jenereta la mtaa, ampea tano, nalipa mimi.

Leo Hajja Wisal, jirani wa ghorofa ya pili, kauliza: pesa yangu inakaaje humo, wanangu? Nikafungua mdomo nimweleze. Munir kanitangulia! Eti: Hajja, chukulia mimi na Lamis tuna chungu kimoja katikati yetu. Kila malipo yakipita tunaandikiana upya — hiki chako, hiki changu. Ya jana imekufa. Mashine yake inatunza karatasi ya mwisho, na yangu kule nyumbani vilevile. Sasa mmoja wetu akileta karatasi iliyokufa akadai ndiyo hai, mashine ya mwenzake ina siku moja ya kumkamata, na ikimkamata chungu chote kinakwenda kwa huyo mwenzake. Adhabu ya mwizi. Na mashine haiulizi kama ulikosea.

Hajja kacheka mpaka ushungi ukamtoka. "Kumbe ina adabu kuliko benki!" Halafu kanigeukia. "Mashallah, Abu Talal, huyu kijana anajua kueleza."

Mimi ningeeleza vizuri zaidi. Nilikuwa na mfano wa ngamia.

Ijumaa, 12 Mei

150 kwa 94.

Baada ya swala, kahawani. Nikawapa kile kisa cha mwaka themanini na tisa, nilivyotengeneza redio ya kamanda kwa kijiko cha chai, mizinga ikilia huku na huku, na pande zote mbili zikasimamisha vita zisikilize mpira. Siku zote wanacheka. Leo Abu Nadir kasubiri nimalize, kapuliza moshi wake wa buruma, kasema: eti Abu Talal, ni kweli ile mashine dukani kwako mwenye nayo ni Munir?

Mwenye nayo!

Nikamwambia Munir anakuja kujifunza kwangu. Wakatazamana.

(Jina langu Shukri; Abu Talal, yaani baba wa Talal, wananiita tangu nina miaka ishirini. Talal hajazaliwa bado, nami nina hamsini na tatu. Hapa kwetu ndivyo, mwanamume anapewa jina la mwana kabla ya mwana. Munir ana miaka thelathini na moja na bado wanamwita Munir tu. Sasa nani mtu mzima?)

Jumamosi, 13 Mei

155 kwa 95. Na sababu ninayo.

Lamis kampa Munir ufunguo wa chumba cha nyuma. Kaniambia huku anakunja shali yake, kama mtu anayesema chumvi imeisha. "Ami, nikiwa Beirut wiki ijayo kwenye semina, ikitokea kitu Munir aje aangalie." Nikamwuliza: na mimi? Mimi ni pazia? Kanibusu kichwani. "Wewe ndiye baraka ya duka, Ami."

Baraka! Paka wa msikitini naye ni baraka.

Nikamwambia basi nichukue nakala ya ile diski, iwe kinga. Simu elfu kumi nimezinakili mimi, nimenakili hata ya balozi mmoja iliyoanguka chooni. Hapo kageuka mkali. "La, Ami. Kanzidata ya mifereji, yaani ya vile vyungu, hainakiliwi. Picha ukiinakili, ya zamani bado ni picha. Hii inabadilika kila mtu akilipa. Nakala ya leo kesho ni sumu." Munir, aliyekuwa kasimama mlangoni, katikisa kichwa taratibu kama imamu. Kasema ipo karatasi ndogo ya dharura, Lamis anayo kwenye simu. Diski ikifa, ile karatasi inaiomba mashine yake Munir ifunge mfereji kwa haki, kila mtu apate chake.

Yaani tukiharibikiwa, tukamwombe Munir.

Hilo koo langu limekataa kulimeza. Walipotoka kwenda kula — wawili! — nikaingia. Kifaa changu cha kunakili, diski mpya, dakika arobaini. Nikaandika juu yake kwa wino mwekundu: JUMAMOSI. ABU TALAL. Nikaificha kwenye kopo la bizari.

Kila mtu ana haki ya kujilinda dukani kwake.

Jumatatu, 15 Mei

146. Ya chini nimesahau.

Lamis kaondoka alfajiri, atarudi Alhamisi. Hajja Wisal kaja na simu yake, tumelipa daktari wa mtoto wa jicho; anapasuliwa kesho. Nimebonyeza mimi. Tii! Imekwenda. Hajja kanipa dua ndefu, nikajisikia kama waziri.

Munir kapita saa tano. Eti anazima mashine yake hadi Alhamisi, anabadilisha betri zote za sola. "Ami Shukri, siku hizi malipo makubwa yasubiri." Kaninunulia kaki, ule mkate wa ufuta, bado ya moto.

Simpendi mtu anayeninunulia kitu nikiwa na hasira naye. Nimeila, lakini sikuifurahia.

Jumanne, 16 Mei

170 kwa 104!!

Saa sita na robo. Umeme wa serikali umerudi ghafla, jenereta nalo bado linawaka, taa zikawa nyeupe kama jua, kisha paa! Feni imekufa. Friji ya soda imekufa. Nikakimbilia nyuma. Kiboksi kinanuka kama nywele zilizoungua. Boksi lenyewe limepona — diski ndiyo imekwenda.

Nikampigia Lamis. Kanijibu kwa sauti ile ya marehemu baba yake: "Ami. Nisikilize. Usiguse kitu. Pesa haijapotea. Karatasi ya dharura ninayo. Alhamisi Munir akiwasha yake, itatufungia kwa haki. Mpaka hapo usiguse."

Munir, Munir, Munir! Hata katika kufa kwa diski yangu, Munir!

Kufikia saa saba mtaa mzima umejua. Mama Rauf mlangoni, Abu Nadir mlangoni, dada wawili wa ghorofa ya nne. Abu Talal, akiba yetu? Abu Talal, si tulisema? Mmoja — sikumwona ni nani — kasema: mngempa Munir toka mwanzo.

Hapo ndipo nilipokwenda kwenye kopo la bizari.

Naandika kwa utaratibu ili nikumbuke. Diski ya Jumamosi imeingia kama mguu kwenye kiatu. Nenosiri ni tarehe ya kuzaliwa ya kaka yangu — nani mwingine angeijua? Imewaka. Mfereji wa Munir upo, mkubwa, karibu akiba yote imo, lakini Munir hapatikani. Bila shaka, kazima! Chini yake kuna kitufe cha kufunga kwa nguvu, bila kumngoja mwenzio. Juu ya kitufe maandishi mekundu ya Kiingereza, marefu kama hukumu ya mahakama. Niliishia darasa la sita, nami hukumu sisomi. Nikawaza: nikifunga, pesa yetu inarudi kwetu. Munir kwaheri. Chungu chake akapikie nyumbani kwake.

Nikabonyeza. Ilikuwa saa kumi kamili alasiri.

Imesema nisubiri saa ishirini na nne.

Nimetoka barazani nikawaambia: kesho saa kumi kila mtu na chake, kwa mkono wa Abu Talal! Abu Nadir kanishika bega. Mama Rauf kapiga kigelegele. Nikawaeleza nilivyoifufua ile diski kwa pumzi ya mdomo na uzi wa shaba. Leo wamecheka mahali panapotakiwa.

Jumatano, 17 Mei

Presha sijapima.

Saa tano asubuhi Hajja Wisal kashuka ngazi, jicho limefungwa bandeji, kashikwa mkono na mjukuu. Nikataka kumfurahisha. Hesabu za mashine zilikuwa wazi mbele yangu na nilikuwa nimeona kitu jana, nikadhani ni heri: fungu lake Hajja limejaa. Lile la daktari limo, kama halikutoka. Nikamwambia, Hajja, shukuru Mungu, pesa yako ya jicho imerudi yote! Mkono wangu una baraka, Lamis mwenyewe kasema.

Kanitazama kwa jicho moja.

"Imerudi vipi, Abu Talal, na jicho limeshapasuliwa? Daktari kaithibitisha juzi mbele yangu. Alilipwa."

Nikasema labda imezaa.

"Pesa haizai, mwanangu. Kama ya kwangu alishaipata daktari, basi hii ni ya nani?"

Kakaa juu ya kreti ya soda akingoja jibu. Mimi nimesimama na kitambaa cha kufutia mkononi. Ya nani? Malipo ya daktari Jumatatu yalipita kwa nani? Kwa Munir. Alimlipa daktari kwa fungu lake, na kwenye chungu chetu akaandikiwa kiasi kilekile. Jumatatu. Na diski yangu ni ya Jumamosi.

Karatasi iliyokufa.

Nimeileta mbele ya ulimwengu karatasi iliyokufa nikasema ni hai, kwa wino mwekundu na jina langu juu yake.

Nilimwambia Hajja nitaangalia. Mara akapanda ngazi huku anawaambia watu mashine ya Abu Talal imezaa. Namsikia mpaka sasa.

Saa sita. Nimekaa nimefikiri kama sikuwahi kufikiri. Mambo ni mawili. Munir akiendelea kuzima mpaka Alhamisi alivyosema, saa kumi leo inapita, pesa inaingia, na hakuna atakayejua ila mimi na Mungu — na Munir, atakapohesabu aone kaibiwa. Na nani? Na Lamis! Jina la Lamis ndilo lililo kwenye mashine, si langu. Hilo nilisahau kila nilipokuwa kahawani.

Au Munir awashe kabla ya saa kumi. Mashine yake itaona karatasi iliyokufa na itakomba chungu chote. Nyumba tisa. Miaka mitatu ya Lamis. Haiulizi kama ulikosea — kasema mwenyewe, na mimi nilikuwa nahesabu vipande vya halawa alivyokula.

Na Munir atarudisha. Hapo ndipo roho inaponichoma. Mwingine angekula akanyamaza, ningemchukia nikapumzika. Huyu atarudisha mpaka senti ya mwisho, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, anasalimia wazee. Mtaa utamwinukia kwenye viti vyote.

Nimewaza nimpigie. Nimewaza nizime simu. Nimewaza kisa: panya, diski, radi. Kisa kizuri, kina hata balozi ndani yake. Nimekiandika nusu nikakifuta.

Saa nane na dakika ishirini. Simu. Ujumbe wa Munir. Naunakili hapa neno kwa neno, huu sitii chumvi:

"Ami Shukri, salaam. Lamis kanieleza yaliyoipata diski, nimefanya kazi usiku kucha kwa ajili yenu. Betri tayari. Niwashe sasa, au nimngoje Lamis kesho tuwashe pamoja? Wewe ndiye mkubwa wetu. Ukisema nisubiri, nasubiri. Sema tu."

Mkubwa wetu.

Wiki nzima nimetaka mtu aniambie neno hilo.

Saa nane na nusu sasa. Barazani Abu Nadir kaleta viti kutoka kahawani, wanapanga kungoja saa kumi. Wameniwekea changu katikati. Mama Rauf anaita: Abu Talal, toka, kahawa inapoa!

Nimeandika "Munir mwanangu" kwenye simu. Nikafuta "mwanangu". Nikalirudisha. Baada ya hapo kidole kinaelea kati ya "washa" na "subiri".