Mama Mkwe na Mwashi wa Ibaba

Jumatatu, 2 Agosti 1976
Kuchuma kahawa tangu asubuhi. Vidole vyeusi. Mama mkwe kakaa mkekani, juani, anachambua maharage kwa kupapasa. Macho yake yamefifia. Tangu mume wangu Daudi afie machimboni Zambia, tuko wawili tu. Wageni wakifika hapa Ihanda wanadhani ni mama yangu mzazi. Siwasahihishi.

Jioni kapita Yohana, mwashi anayejenga zahanati ya kijiji. Kaleta viazi vya kwao Ibaba. Kisingizio tu. Viazi tunavyo.

Alhamisi, 5 Agosti
Yohana kasema. Zahanati ikiisha anarudi Ibaba. Anataka tufunge ndoa, twende wote. Mke wake alifariki zamani. Nimefurahi mpaka nimeona aibu, na mvi zangu hizi. Sikumjibu. Ibaba ni mbali, milimani huko. Mama nitamwacha na nani?

Jumapili, 8 Agosti
Kanisani sikusikia mahubiri. Nampenda Yohana. Nilimpenda Daudi, na bado nampenda. Hao wawili hawagombani moyoni mwangu. Wanaogombana ni Yohana na mama.

Mama kajua. Jirani kamwambia. Hakula mchana, hakula jioni. Kalala kanipa mgongo.

Jumanne, 10 Agosti
Nimemkatalia Yohana. Nimemfuata kazini kwake nikamwambia sitaweza kumwacha mama. Hakubisha. Kachukua mwiko, kaanza kupiga lipu ukuta ambao ulikwisha pigwa lipu.

Nimelia shambani peke yangu. Kwa muda kidogo nimemchukia mama. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 11 Agosti
Nimetoka shambani, mama hayupo. Fimbo yake haipo. Nimekimbia mtoni, nimekimbia kwa majirani. Siku zote hatoki peke yake.

Nimemkuta zahanati. Kakaa juu ya mfuko wa saruji, Yohana kachuchumaa mbele yake.

"Nyumba yako ina vyumba vingapi?" mama anamuuliza.

"Viwili, mama."

"Ongeza cha tatu. Huyu ni mwanangu. Ukimchukua yeye, umenichukua na mimi."

Yohana akanitazama mimi, si yeye. "Hata cha nne, mama."

Njiani nikamuuliza mama kwa nini aligoma kula. Akasema alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe.

"Umenificha," akasema, "kama vile mimi ni mkwe wako tu."

Nimemshika mkono mpaka nyumbani.

Jumapili, 17 Oktoba. Ibaba
Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Tumeshafunga ndoa. Mama ndiye aliyenikabidhi kwa Yohana, na ndugu zake Daudi walinuna, lakini walikula wali. Chumba cha mama hakijapata mlango. Yohana katundika blanketi.

Leo mchana tulikuwa tunaota moto jikoni. Mama, nusu usingizi, akaita, "Daudi, niletee maji."

Nikaganda. Sikuthubutu kumtazama Yohana.

Yohana akainuka, akachota maji, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. "Haya, mama."

Mama akanywa, akamrudishia kikombe, akasinzia tena. Yohana akarudi kukaa karibu nami. Nje mvua ilikuwa imeanza, taratibu.