Kanda ya Ibu

Solo, 3 Septemba 2022

Kwa Mas Prasojo, kaka yangu,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakufikia wewe, wifi na watoto mkiwa wazima huko Balikpapan. Mimi mwili hauna neno. Mzee wetu Bapak anakula, anaswali, ila macho ndiyo yamekwisha kabisa. Tangu mwezi wa mfungo hatofautishi mchana na usiku. Najua umeshangaa kuuona mwandiko wangu. Simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Ama baada ya salamu, nianze na habari ndogo. Bapak alipobaki na masikio tu, alitaka chumba cha kusikilizia muziki, akachagua kile chako. Unakijua, mita tatu kwa mbili na nusu. Mimi nilitaka kumnunulia spika kubwa za kusimama sakafuni, lakini Ko Tiong, muuza spika wa karibu na stesheni, alinicheka. “Mbak, chumba chenyewe kabati! Ukiweka minara hiyo, besi itamtoa mzee mbio.” Akatuonyesha zile ndogo zinazokaa juu ya stendi. Nilimpeleka Bapak dukani akasikiliza jozi tatu. Ya kwanza ilipiga ngoma kwa kishindo, akasema hiyo inawafaa wauza dawa za mitishamba sokoni. Ya pili ilimchoma masikio kila mwimbaji alipotamka “s”. Ya tatu haikujionyesha hata kidogo. Mama mmoja akaimba wimbo wa zamani wa keroncong, na Bapak akageuza uso kana kwamba mtu ameingia dukani. “Hiyo,” akasema. “Huyu ana koo.”

Kuzipanga kulituchukua siku nne. Ko Tiong alijaza mchanga ndani ya stendi zisitetemeke, akatuelekeza kwamba vispika vya juu, vile vya sauti nyembamba, viwe usawa wa masikio ya Bapak akiwa kitini. Yaliyobaki akatuachia. Zikikaribia ukuta, besi ilivimba ikameza kila kitu. Tulipozivuta mbele hatua moja, sauti ziliachana, kila moja ikapata mahali pake. Bapak alikuwa akiniamrisha kutoka kitini: “Kidogo tu. Umezidisha. We mtoto, nimesema kidogo!” Mwisho tukazigeuza zimwelekee, na mwimbaji akasimama katikati ya chumba, mahali pasipo na kitu. Bapak alitokwa na machozi. Muda mrefu sikuwa nimefurahi namna ile.

Ijumaa ya wiki iliyopita, baada ya swala, akaomba kanda ya marehemu mama yetu, Ibu. Ni ile aliyojirekodi nyumbani mwaka 1991 akijiandaa kwa mashindano ya redio, kwa mashine ya kuazima yenye maikrofoni mbili. Tumeisikiliza mara nyingi mno kwenye redio ya jikoni, na siku zote ilikuwa Ibu na mvumo tu. Safari hii nyumba nzima ilifunguka. Kabla Ibu hajaanza, upande wa kulia, wewe uliaga kwamba unakwenda mpirani, na mnyororo wa baiskeli yako ukasikika ukiishia barabarani. Ibu akaimba. Kwenye ubeti wa pili, kushoto, mbali, kilipo chumba cha mbele, kitu kilianguka, nyuzi zikalia, na sauti ya mtoto ikasema, “Aduh, fidla ya Bapak!”

Bapak aliniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akauliza, kwa upole kabisa, kama Prasojo hakuwa ameshatoka. Nilimjibu kwamba sikusikia kitu, labda kanda imechakaa.

Asubuhi yake, Bapak akiwa anaoga, nilizisukuma spika hadi ukutani nikazigeuza zitazame pembeni. Siku nne nilifundishwa namna ya kuifanya sauti isikike, na elimu hiyo hiyo nikaitumia kuificha. Bapak akaisikiliza tena kanda. Besi ikavimba, chumba cha mbele kikapotea. Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta amepiga magoti sakafuni, anapima kwa shubiri kutoka ukutani, anavuta stendi ile nzito kwa mikono miwili. Kidole chake kilikuwa kinatoka damu.

“Wening, nani kazisogeza?”

Nikasema ni mimi.

“Na fidla?”

Nikasema ni mimi.

Kaka, ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa, nilitaka kuishika tu kama alivyoishika Bapak jukwaani. Shingo ilivunjika. Niliirudisha kwenye sanduku lake nikafunga kifuniko. Jioni Bapak alipoikuta aliamini ni kazi yako, kwa kuwa wiki ile mlikuwa mmegombana juu ya gitaa lako. Alikupiga mkanda uani, majirani wakitazama. Nilikuwa nyuma ya pazia, na wewe ulitazama dirishani. Mpaka leo sijui kama uliniona, wala kama ulijua. Ukaondoka siku ya tatu. Ibu alipofariki ulikuja hadi makaburini, ukarudi zako bila kukanyaga nyumbani, nami nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwako na neno lenyewe mdomoni. Nilipokuwa mtoto niliuogopa mkanda. Nilipokua nikaziogopa nyuso zenu. Miaka thelathini na moja imepita hivyo.

Bapak hakunigombeza. Ila tangu siku ile hajanitaja jina. Nikimpa chai anapokea, anageukia ukuta. Chumbani anakaa, hawashi kitu. Jana ndipo aliponiambia nichukue kalamu, akanitajia maneno haya na kutaka nimsomee mara mbili ahakikishe nimeyaandika: “Mwambie nilimpiga kwa kosa ambalo si lake. Tena mwambie, hata lingekuwa lake, ile ilikuwa mbao, na yeye alikuwa mwanangu.”

Nilimuuliza kama niandike kwamba uje. Alisema hana uso wa kukuita. Mimi ndiyo kabisa, kwa hiyo siandiki. Nimeandika tu lililotokea, ulijue kutoka kwangu na si kwa mtu mwingine.

Bapak anakusalimu, ingawa hakunituma. Nisalimie wifi, uwashike watoto kichwani kwa niaba yangu. Ningewataja kwa majina, lakini siyajui, na hilo nalo ni kosa langu.

Ni mimi, mdogo wako,

Wening