Kasha Nililokuachia Stoo

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Na nyingine tena shikamoo, maana hiyo ya kwanza ni ya leo, hii ya pili ni ya miezi minne niliyokaa bila kukuandikia. Natumaini barua itakukuta mzima, magoti yamepunguza kelele, na yule kuku wako mweupe ameacha kutaga chini ya kitanda chako. Mimi ni mzima kama chuma. Nakula, nalala, napanda ngazi bila kushika ukuta. Mjukuu wangu naye hajambo, anakuamkia. Amekaa hapa pembeni anatazama ninavyoandika kwa penseli ya useremala. Alitaka aniandikie yeye. Nimemwambia nimesoma madarasa matatu kamili, na barua ya kwenda kwa dada yangu si kazi ya kumpa kibarua. Kwa hiyo ukikuta herufi zimelala, ujue zimelazwa na mkono wangu mwenyewe.

Barua yako niliipata. Umeniuliza mambo mawili: narudi lini, na lini naondoa kasha langu la vifaa kwenye stoo yako, kwa kuwa mkwe wako amejifungua na chumba kinatakiwa. Hongereni sana kwa mtoto. Yote mawili nitayajibu, lakini niache kwanza nikupe habari za huku, maana jibu la kasha limo humo humo.

Unakumbuka safari ilivyoanza. Mjukuu alimaliza shule, akabakiwa na mwaka mzima kabla ya kuingia chuo, akasema anakwenda kujitolea ng'ambo kwenye kituo cha watoto. Baba yake akakataa katakata, binti hawezi kwenda peke yake nchi ya watu. Nikasimama mbele yenu wote nikasema nakwenda naye. Mlicheka. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, ukasema kituo kinataka vijana, si mzee wa miaka sitini na tisa anayebishana na redio. Basi nikuambie leo: kituo kilinijibu mimi kabla ya kumjibu yeye. Fundi wa mbao walikuwa wamemtafuta mwaka mzima hawampati.

Ila kuna jambo hukuliona kwenye zile fomu. Wewe unajua, na mtaa mzima unajua, kwamba kwa miaka arobaini na miwili nimetengeneza majeneza na si kitu kingine. Hakuna mteja wangu hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Lakini pale pa kujaza kazi nilimwambia mjukuu aandike fundi wa samani. Akanitazama. Nikamwambia jeneza lina mbao, lina misumari, lina vanishi, na mtu analala humo. Kama hiyo si samani aniambie ni nini. Akaandika.

Kituo chenyewe ni nyumba ndefu ya bati jekundu, ina ukumbi wa kulia, madarasa mawili na mabweni mawili. Watoto ni ishirini na wawili. Lugha yetu wanaijua, ila wao wanaiimba badala ya kuisema. Mkuu wa kituo ni mama mmoja wa makamo ambaye hutembea na funguo zote za nyumba shingoni, unamsikia kabla hujamwona. Tulipofika watoto walikuwa wanalala kwenye magodoro yaliyotandikwa sakafuni. Mjukuu akapewa darasa la kusoma. Mimi nikapewa banda la nyuma, rundo la mbao nzuri kabisa, na kazi ya vitanda ishirini na viwili.

Mimi sikisii, unanijua. Siku ya pili tu nikawaita watoto wote ukumbini niwapime kwa ule uzi wangu wa mafundo. Nikawaambia walale chali sakafuni, wanyooke, miguu pamoja, mikono kifuani, wafumbe macho, na mtu asicheke. Ndivyo nilivyozoea, dada, na wateja wangu wa siku zote hawajawahi kunisumbua. Watoto wakadhani ni mchezo, wakatulia tuli. Nilikuwa nimepiga magoti kwa mtoto wa tisa pale mkuu wa kituo alipofungua mlango. Akaona watoto wake wote wamelazwa mstari mmoja, kimya, mikono kifuani, na mzee mgeni anawapitia na uzi. Funguo zilimwanguka. Naye angezifuata kama mjukuu hangemdaka. Mjukuu akamwambia kwetu ndivyo mafundi wanavyopima vitanda, ni njia ya zamani na haikosei. Mama wa watu akanywa glasi mbili za maji, akasema sawa, lakini siku nyingine aambiwe kwanza.

Vitanda nilivimaliza kwa wiki saba. Sitaki kujisifu, lakini vilikuwa vitanda. Kila mtoto na chake, kwa kipimo chake, bila nusu kidole cha ziada: kichwa kinagusa ubao wa huku, visigino vinagusa ubao wa kule. Fundi bomba wa mtaa alikuja kutengeneza mfereji, akaacha mfereji, akakaa kutazama viungo vya mbao. Alisema havipitishi hata unyoya. Kwa siku tatu nilitembea uwanjani nimeweka mikono nyuma kama mwenye nyumba.

Sasa kuna mtoto mmoja wa kike, ana miaka minane, wenzake wanamwita Meneja. Ndiye anayepanga foleni ya chakula, na ndiye anayewakumbusha watu wazima kumeza dawa zao. Mwezi wetu wa sita hapa, asubuhi baada ya uji, akaja bandani ameshika kiuno, akanitaarifu kwamba kitanda chake kimeanza kumfukuza. Nikamjibu labda analala vibaya. Akasema yeye analala vizuri, kitanda ndicho kinacholala vibaya. Nikaenda naye bwenini nikiwa na nia ya kumkomesha. Akapanda, akajinyoosha, na miguu ikapanda juu ya ubao wa mwisho, nyayo zikanitazama usoni. Nikasema godoro limevimba. Nikasema mbao husinyaa wakati wa joto. Yeye hakubishana nami. Alitoka akawaita wenzake, akaamuru kila mmoja alale kitandani kwake, na bweni zima likawa nyayo tupu. Wengine walikunja magoti kunionea huruma.

Meneja akanisogelea, akashusha sauti kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Babu, hao watu uliokuwa unawapima kwenu, walikuwa hawakui?"

Dada, nilikaa kwenye ukingo wa kitanda kile. Miaka arobaini na miwili, na hilo swali halijawahi kunifikia. Mjukuu alikuwa mlangoni, akageuka kutazama nje, mabega yanamtikisika, na sidhani alikuwa analia.

Siku hiyo hiyo nikaenda ofisini kwa mkuu wa kituo, nikavua kofia, nikamwambia ukweli wa kazi yangu. Nilijua atanipakia kwenye gari la kwanza. Kisha akaniuliza kama siku ile ukumbini nilikuwa nawapima watoto wake vile anavyofikiri yeye. Nikasema ndiyo mama, vile vile. Akacheka mpaka zile funguo zikawa zinalia zenyewe. Alipomaliza akafuta macho, akasema sasa kwa uso wa kazi kwamba nilichokuwa natengeneza zamani si shida yake. Shida yake ni watoto kulala miguu imenyooka. Akanipa mwezi mmoja, nikishindwa nirudi kwetu, atatafuta mwingine. Nikamwambia mwezi unatosha, na kwa kuwa mdomo wangu unaujua, nikaongeza kwamba safari hii vitanda vitakua pamoja na watoto.

Nilipofika bandani ndipo nikaanza kufikiri nitafanyaje. Siku nne nililala na kuamka na hilo. Ya tano nikalipata, na halikutoka kwenye kitabu wala kwa mtu, limetoka kichwani humu humu. Ubavu wa kitanda una mbao mbili, moja inateleza ndani ya mwenzake kama droo. Pana matundu matano na kigingi. Mtoto akirefuka unachomoa kigingi, unavuta, unakirudisha kwenye tundu linalofuata, basi. Kitanda kimoja kinamchukua mtoto wa miaka mitatu mpaka awe na miaka kumi na mitano. Nilimaliza siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Siku hizi kila tarehe mosi Meneja anapita bwenini na nyundo yangu ya mbao, anakagua nani amekua, na asiyekua anaambiwa ale. Kituo cha mji wa pili wamekuja kuona, wanataka thelathini.

Sasa dada, kaa chini. Ila usikae juu ya lile kasha, maana najua ndilo unalolikalia ukichambua mchele.

Ndani hamna vifaa. Hilo ni jeneza langu.

Nililitengeneza baada ya wifi yako kufariki. Nilijilaza sakafuni karakanani nikajipima mwenyewe kwa ule uzi, nikafunga mafundo mawili ya urefu na upana, nikachagua mbao bora kuliko zote nilizowahi kushika. Kisha nikaliviringishia turubai, nikalipigilia, nikakuambia ni vifaa. Na huku sikuja kujitolea, wala sikuja kumsindikiza mtu. Nilikuwa nimemaliza kazi ya mwisho na sina kingine ila kungoja. Nikaona nikangojee mbali, ambako hakuna anayenijua, ili wewe usinione nikingoja. Mjukuu mwenyewe hajui. Ndiyo maana karatasi hii nimeifunika kwa mkono tangu nilipoanza sehemu hii, na yeye anafikiri nakuomba ushauri juu ya kuku.

Mwezi uliopita Meneja alitangaza kwamba lazima watu wote wa kituo wapimwe, na mimi ni mtu wa kituo. Akanilaza chini bandani, mikono kifuani, macho nifumbe, nisicheke. Akauchukua uzi wangu. Akakuta yale mafundo yangu mawili, akauliza ni ya nani, nikamwambia ni ya mzee mmoja wa zamani, mwembamba. Akapima. Urefu ulikuwa ule ule. Tumbo lilipita fundo kwa kiganja kizima. Akafikiri kidogo, kisha akatoka uwanjani kuwatangazia wote kwamba Babu amekua.

Basi halinitoshi tena. Na mimi, unanijua, sijawahi kutoa kazi isiyomtosha mteja.

Kwa hiyo majibu yako ni haya. Nakuja mwezi ujao tukimleta mjukuu kwa ajili ya chuo. Nitakaa wiki nne, halafu narudi huku kwenye vile thelathini, na usianze kunibishia kabla hata sijafika. Kasha lisiguswe na mtu. Nitalifumua mwenyewe ubao kwa ubao, nimtengenezee mtoto wa mkwe wako kitanda cha matundu matano. Najua utasema mbao hizo zina mkosi. Hazijawahi kufanya kazi hata siku moja, zimekaa stoo zikisikiliza mchele. Kama bado una wasiwasi nipigie kelele nikifika, nitasikiliza, halafu nitatengeneza kitanda.

Nakuomba jambo moja tu: usinipimie mtoto. Kipimo chake cha leo hakinisaidii kitu.

Nisalimie mkwe, mwanao, na jirani yako aliyesema nisingemaliza hata mwezi mmoja huku; yeye mpe salamu mara mbili. Mjukuu anasema nikuambie anakupenda, na Meneja, ambaye hakujui, ameagiza umeze dawa zako.

Ni mimi mdogo wako usiyewahi kumweza,

Fundi wa vitanda