Choo Ndani ya Trela

Kiwanjani, nje ya Wisbech
Mwezi wa Mei

Kwako Dada Genty,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Eli na watoto, na kwamba yule farasi wenu amepona mguu. Sisi huku tunapumua. Levi bado anaezua na kuezeka mapaa ya watu, Baba anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi, na upepo wa huku haujachoka kutikisa madirisha tangu Krismasi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenu husikilizwa na gari zima. Hii isome peke yako, tafadhali.

Najua Shangazi Trenit amekwisha kukufikia na habari zake. Amekuambia mimi Mizelli nimetia choo ndani ya trela tunamoishi. Kwa kweli kilikuwamo tangu tulipoinunua, maana watengenezaji huwatengenezea watu wa nyumba, si sisi tunaoishi kwenye magurudumu mwaka mzima, nami nilifanya kama tunavyofanya sote: nikakijaza kile chumba kidogo taulo na mifagio, nikafunga mlango. Mama alitulea hivyo. Panapopikwa hapaendwi haja, na anayebanwa aende kibandani, ng'ambo ya kiwanja. Basi msimu wa majani kupukutika, zile taulo zikatolewa, choo kikaanza kutumika. Hilo Shangazi hakudanganya.

Ingekuwa siri mpaka leo kama si usafi wangu. Usicheke. Unajua wanawake wa kwetu na jiki, tungeweza hata kuiogea. Nilijiambia kwamba kitu hiki kikikaa chini ya paa langu, kitang'aa kushinda vikombe vya kabatini. Kila asubuhi nikawa namimina jiki kwenye tangi la maji ya kusukumia, na nyingine bakulini, mpaka macho yananitoka machozi. Kumbe jiki hukausha ule mpira unaoziba kati ya bakuli na tangi la uchafu. Ukapasuka. Jumapili moja mvua inanyesha, ndugu wamejaa ndani wanakunywa chai, harufu ikapanda. Shangazi akainua pua, akaenda moja kwa moja akafungua ule mlango.

Ulimi wake unaujua. "We Mizelli! Mkate huu, choo hiki! Unatunywesha chai chooni, mwanangu, mbele ya macho yetu?" Akatoka na kikombe alichokuwa akinywea, kile cha ukingo wa dhahabu, akakivunja kwenye ngazi kama kitu kilichokwisha kuchafuka. Ndipo Baba akasimama, akasema choo ni chake. Alisema ni yeye aliyekiomba, magoti hayamfikishi tena kibandani, na mwenye neno amletee yeye.

Baba, Dada! Yule aliyeng'oa choo cha trela yake kwa nyundo siku ile ile aliyoinunua, akakiacha kando ya barabara huku Mama akimpigia makofi.

Tangu hapo vijana wanamtania kila akipita. "Mzee, kiti cha enzi hakijambo?" Naye anawajibu kwamba hakijambo na kinawasalimu. Yeye wamemsamehe kwa uzee wake. Mimi hapana. Shangazi anasema binti anayempenda babake angemsogezea kibanda karibu, asingemletea uchafu penye mkate. Watu hawanywi tena kwangu. Wakija kumwona Levi wanasimama nje, wakikaribishwa chai wanasema ndiyo kwanza wametoka kunywa. Na sasa Shangazi ametangaza kwamba tukifika Appleby kwenye maonyesho ya farasi, trela yangu isiingie kwenye safu ya ukoo. Nikaegeshe getini, na watu nisiowajua. Tangu nizaliwe sijawahi kulala nje ya safu ile.

Sasa nikuambie ninavyokitunza, uone mchafu ni nani. Maji ya kusukumia yana tangi lake, dogo, linalojazwa kwa nje kupitia kijimlango ubavuni. Uchafu una tangi lake chini, lenye magurudumu, nalo hutolewa kwa nje vilevile. Havikutani kamwe. Jagi la kujazia nimelifunga utepe mwekundu, na ole wake atakayelisogeza karibu na birika. Maji hayalali humo mpaka yakaota utelezi. Nayamwaga yote kwa ule mrija wa pembeni, kisha natia maji yenye unga wa ndimu, ule tunaotolea ukoko kwenye birika, nayaacha yafanye kazi, nasuuza mpaka yanatoka meupe. Halafu maji mapya na dawa yake ya pinki. Mpira mpya naupaka mafuta yake, na jiki haiugusi tena. Beseni la vyombo mbali, la nguo mbali, la mwili mbali, si ndivyo Mama alivyotufundisha? Choo hiki kinafuata sheria ya Mama kuliko Shangazi, ambaye kwa macho yangu nimemwona akisuuza kijiko kwenye beseni la kunawia mikono.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya kijiko cha Shangazi. Baba hajawahi kukitumia choo hiki hata mara moja. Magoti yake ni mazima. Kila asubuhi anavuka kiwanja kwenda kibandani kwa kuzunguka nyuma ya malori, asionekane.

Choo ni changu. Nina ugonjwa wa utumbo, Dada, na ukinijia haunipi nafasi hata ya kuvaa viatu. Kibanda kingekuwa mlangoni bado kingekuwa mbali. Siku moja ulinikamata katikati ya kiwanja, mvua inanyesha, wanaume wanapakia vigae pale karibu. Baba peke yake ndiye aliyeona. Alivua koti lake, akanifunika, akanirudisha ndani akizungumza kwa sauti kubwa habari za farasi ili wale wasigeuke. Kesho yake nilimkuta anatoa taulo na mifagio. Unajua baba na binti kwetu hawazungumzi mambo hayo.

Nimemwacha achekwe kwa ajili yangu majira yote ya baridi. Basi, imetosha. Appleby nitaingia kwenye safu ya ukoo, nitafungua kijimlango changu mchana kweupe, nitamwaga maji na kujaza mapya mbele ya wote, na Shangazi akiuliza nitamjibu mimi mwenyewe kwamba ni cha Mizelli. Aibu nimeibeba vya kutosha, na nimegundua haikuwa yangu.

Nisalimie shemeji na watoto, uwabusu wote. Levi anakusalimu, na Baba pia, ingawa hajui ninachokuandikia. Jibu usiniandikie. Mkifika Appleby utaona nafasi iliyoachwa wazi upande mmoja wa trela yangu, huenda pande zote mbili. Ukiegesha hapo, birika litakuwa motoni na kikombe chako kipo. Ukipita, pita, lakini utapita ukiniona.

Mdogo wako,
Mizelli