Mahindi Juu ya Kaburi la Babu

Mjukuu wangu Achieng',

Huku Eldoret tuko wazima. Ng'ombe amezaa, na maziwa tunagawia hadi majirani.

Umeniuliza kama ulikosea kukanyaga majina ya wafu kwenye vibaraza vya ile nyumba ya kale ya watawa huko Uingereza. Nikiwa msichana kule ziwani, kaburi la babu yangu lilikuwa kando ya jiko, limepigwa simiti, nasi tulianika mahindi juu yake. Siku moja tulipanda tukacheza densi, mgeni akatufokea. Nyanya akatoka jikoni akicheka, "Waache! Huyo mzee alikuwa ananuna boma likinyamaza."

Kwa hivyo kanyaga tu, mama, ila uwasomee majina yao kwa sauti. Na siku yangu ikifika, msinizungushie seng'enge. Nianikieni mahindi.

Nyanya yako anayekucheka kwa mapenzi